Namba Mliyoificha Msiione

Kansanga, Alhamisi baada ya adhuhuri

Salma mwanangu,

Umetoka sasa hivi na mama yako mdogo Mwanaisha kwenda sokoni Nakasero kununua kahawa ya kuwapelekea wenzako, na vitu vingine ambavyo najua sanduku lako litavikataa. Nimefunga mlango wa kibanda cha kushonea. Mama mmoja alikuja kuchukua sare za wanawe, nikamwambia arudi Jumamosi, maana kesho nitakuwa uwanja wa ndege nikijikaza mbele za watu. Nimepata nafasi ya kukaa na wewe kabla hujarudi, nikaona niitumie kwenye karatasi. Mdomoni maneno haya yananishinda. Nimeyajaribu wiki nzima na kila mara nimeishia kukuuliza kama umekula.

Sitakuandikia habari za soksi na sweta. Mwanaisha amekwisha kuyasema yote hayo, na mengine ameyarudia. Wala sitakufundisha namna ya kuishi ugenini, kwa sababu mimi sijapata kulala nje ya nchi hii. Nataka kukusimulia jambo lililonipata, ambalo nusu yake ulikuwepo na nusu hukuwepo. Uliwahi kuniuliza kwa nini nilibadilika ghafla, nikakujibu kwamba ni umri. Haukuwa umri.

Baba yako nilimpata kwa sababu ya Kiswahili. Kwetu sisi, wazee walitoka pwani na biashara zao wakaja kukaa mji huu, na Kiswahili tulikinyonya. Otim alitoka kaskazini na Kiswahili alikiokota jeshini. Siku ya kwanza aliingia dukani kwa babu yako akasema, "Nataka kitambaa moja mzuri ya suruali," nami nikacheka mpaka babu yako akanifukuza nikakae uani. Kesho yake akarudi. Hakununua kitu, akasimama tu akaniuliza, "Hiyo kitambaa, mnasemaje?" Yaliyofuata unayajua: Mwislamu na Mkristo, kelele za ndugu huku, kelele za ndugu kule, na mwishowe nyumba yetu ndogo ya jeshi pale Mbuya iliyokuwa na Idi na Krismasi na lugha moja.

Alikuwa dereva wa malori. Alipopangwa kwenda nje ya nchi na kikosi chake, ulikuwa darasa la pili. Alikubeba mgongoni mpaka getini akakuambia akirudi atakuta unajua kuendesha baiskeli. Ukajifunza. Ulianguka mara nyingi, na mimi nilikuwa nakupaka dawa kwenye magoti.

Kisha wakaja maofisa wawili na padri. Walikuwa waungwana, siwezi kuwasema vibaya. Walinieleza kwamba lori lake lilipigwa barabarani likaungua, kwamba wapo waliorudi hai, wapo waliotambuliwa, na kwamba Koplo Otim hajapatikana. Salma, nililishika neno hilo "hajapatikana" kama mtu anayezama anavyoshika jani. Padri alipoanza kusali nilimwambia, "Baba, usisali hivyo, huyo hajafa."

Unakumbuka habari zilizokuwa zikija. Yule mama wa Ggaba ambaye kaka yake alisema amemwona Otim katika hospitali moja, kafungwa kichwa. Mfanyabiashara Mkongo aliyekuja kununua vitenge akatuambia amekutana na mtu mrefu, mweusi, wa kaskazini mwa Uganda, asiyekumbuka jina lake. Simu ile iliyolia, nikasikia pumzi tu, ikakatika; nilikaa na ile simu mkononi hata nikaunguza maharage. Habari hizo nilizipokea zote. Sikumuuliza yule mama kaka yake anaitwa nani, wala hospitali gani, wala alijuaje kwamba ni Otim. Sikumuuliza Mkongo watu warefu wa namna hiyo wako wangapi duniani. Nilimpikia chai.

Ndipo akaja Ojara.

Nadhani unamkumbuka, ingawa hatujapata kumzungumzia. Sajini Ojara, aliyekuwa naye kwenye lile lori, na ambaye zamani alikuwa akija kula kwetu siku za Idi. Alikuja akichechemea, kabeba sukari na sabuni, kama watu wanavyokwenda matangani. Nilipoziona zile sabuni tu nikakunja uso. Alikaa ukingoni mwa kiti akasema, "Shemeji, mimi nilimuona Otim."

Nikamuuliza, "Ulimwona kutoka wapi?"

"Nilikuwa kwa mtaro, karibu na lori."

"Karibu kiasi gani?"

Akasema hajui, karibu tu. Nikamuuliza kama kulikuwa na moshi, akasema ulikuwepo. Nikamuuliza kama alikuwa ameumia, akasema ndiyo, mguu, na damu ilikuwa ikimwingia jichoni. Nikamwambia, "Basi una moshi, una damu jichoni, umelala mtaroni, na unakuja kuniambia umemwona mume wangu? Wewe ulikimbia, Ojara. Ulimwacha mwenzako, sasa unataka nimzike ili upate usingizi." Alifungua mdomo kusema jambo jingine. Nikamwambia, "Toka."

Ulikuwa umesimama mlangoni na sufuria ya uji. Alipokupita alikugusa kichwa. Ukaniuliza, "Mama, kwani amesema nini?" Nikakujibu, "Amesema uongo." Zile sabuni niliziacha nje, zikaloa mvua.

Baada ya hapo watu waliacha kuniletea habari mbaya. Si kwamba zilikwisha. Watu walijua watakavyopokelewa. Tulikaa Mbuya kadiri tulivyoruhusiwa, na siku ya kuhama niligombana na kila mtu, nikisema Otim akirudi atakuta wageni ndani. Jirani nilimwachia anwani ya hapa Kansanga niliyoiandika kwa herufi kubwa. Bibi yako kule kaskazini alituma ujumbe zaidi ya mara moja: tufanye matanga, mtoto wake apumzike. Nikamjibu kupitia mkwe wake mwingine kwamba mtu hazikwi akiwa safarini. Mama mzee yule, nilimnyima kumlilia mwanawe. Na wewe nilikufanya uandike shuleni kila mwaka kwamba baba yuko kazini, hata ulipokuwa mkubwa wa kutosha kuona jinsi walimu walivyokuwa wakilisoma jambo hilo na kunyamaza.

Usiku sikuwa nikimwona akirudi, kama nilivyokuwa nikikuambia. Nilikuwa namwona ndani ya moto. Mchana naamini yu hai, usiku namsikia akiniita kutoka ndani ya lile lori, na milango haifunguki. Miaka mingi, mwanangu. Hilo sikuwahi kumwambia mtu.

Sasa nije kwenye kazi yako.

Ulipochagua fizikia nilifikiri utakuwa mwalimu. Halafu ukaanza kukaa kwenye meza yangu ya kukatia, kompyuta yako katikati ya vipande vya kaki na mikasi, ukichambua mambo yaliyotokea chini ya ardhi mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, huko huko unakokwenda kesho. Nilikuuliza ni nini, ukaacha kazi ukanieleza taratibu. Kwamba kule wana mtambo wa duara mkubwa kuliko mji, wanazungusha protoni kwa kasi isiyosemeka, wanazigonganisha uso kwa uso. Katika kishindo hicho huzaliwa chembe ambazo hazikuwepo, na nyingine umri wake ni mfupi hata kupepesa jicho ni karne mbele yake. Wewe kazi yako ilikuwa kupima umri wa moja ya hizo.

"Mtaupimaje," nikauliza, "kama imekufa kabla hamjaiona?"

"Hatuioni kabisa, Mama. Inakwenda milimita chache, inapasuka, inatoa chembe nyingine. Hizo ndizo zinazoacha nyayo kwenye vihisio. Tunazifuata nyayo kinyumenyume mpaka pale zilipokutana, tunajua imefia pale. Tukijua ilipozaliwa na ilipofia, na mwendo wake, tunajua imeishi muda gani."

Nikasema, "Kama kumbikumbi. Asubuhi unakuta mbawa tu, unajua walitokea shimo gani."

Ukacheka, ukasema karibu hivyo, ila kumbikumbi wako wewe ni mamilioni, na hawaliwi. Ukaniambia pia kwamba ile inayopasuka mnaiita mama, na zinazotoka mnaziita mabinti. Nikajidai sikusikia, nikaendelea kukanyaga cherehani.

Siku nyingine ndiyo uliyonieleza habari ya kuficha. Nilikukuta umechoka, umeinamisha kichwa, nikakuuliza hesabu imetoka ngapi. Ukasema hujui. Nikadhani unanitania. Ukaniambia kompyuta yenyewe imeongeza juu ya jibu namba ya siri ambayo hakuna kati yenu anayeijua, na kwamba haitaondolewa mpaka mmalize kukagua kila kitu.

"Mtu anafichaje jibu lake mwenyewe?" nikauliza.

Ukasema, na nadhani hukujua unamwambia nani: "Kwa sababu tukiliona tukalipenda, tutaacha kutafuta makosa. Tukiliona tukalichukia, tutatafuta makosa mpaka tuyapate. Na makosa hayakosekani, Mama. Ukiyatafuta upande mmoja tu, jibu linakwenda unakotaka wewe."

Nilikuwa nashona upindo wa sketi ya bluu. Nakumbuka sindano ikakatika, nikakuambia hizi sindano za siku hizi ni mbovu. Kisha nikaenda nje nikakaa kwenye ngazi. Niliona uso wa Mkongo na kikombe changu cha chai mkononi mwake. Niliona na sabuni kwenye mvua.

Sikufanya lolote siku hiyo. Wala iliyofuata. Usifikiri mama yako ni mtu wa kuelewa jambo jioni na kulitenda asubuhi. Nilikuangalia tu. Nikakuona ulipogundua kwamba tabaka moja la vihisio lilikuwa limekaa pembeni kidogo, chini ya unene wa unywele, na kwamba hilo lilikuwa likipotosha vipimo vyenu. Ilibidi mrudie karibu kazi yote. Nikakuuliza, "Ukilinyoosha, jibu litakuwa kubwa au dogo?" Ukasema kwa kuwa lile jibu limefichwa huwezi kujua kama litakupeleka unakotaka au litakuondoa, na kwamba ndiyo maana unaweza kulinyoosha kwa moyo mweupe. Ulikuwa umekonda. Nilijua pia unatamani nini, kwa sababu ulikuwa ukizungumza na wenzako kwenye simu: mlikuwa mkitumaini umri huo ukatae kulingana na vitabu, ndipo dunia ingejua kuna jambo jipya, na jina lako lingekuwemo.

Ikafika siku ya kufungua. Umeme ukakatika, bila shaka, ungewezaje usikatike? Nikambishia hodi Ssalongo hapo jirani, akavuta waya kutoka kwenye jenereta lake akapitisha juu ya ukuta, akakaa na sisi kuangalia, akisema hata kama haelewi ataombea. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na nyuso za watu wa nchi mbalimbali. Profesa wako, yule mwanamke mwenye mvi, akawauliza mmoja mmoja swali moja, nawe ukanitafsiria kwa sauti ya chini: je, uko tayari kuikubali namba yoyote itakayotoka, na kuitangaza hivyo hivyo? Zamu yako ilipofika ulisogea karibu na kioo. Halafu ukasema uko tayari.

Ikafunguliwa. Ulicheka, ukashika mdomo, machozi yakakutoka. Ssalongo akasema, "Webale kusoma!" yaani hongera kwa kusoma, akidhani umeshinda kitu. Mimi nikadhani umefeli. Nikakuuliza.

"Hapana, Mama. Imetoka ile ile ya vitabuni."

"Basi kazi yote hiyo bure?"

"Si bure. Jana shaka ilikuwa pana, leo ni nyembamba." Ukajifuta uso. "Nilitaka iwe nyingine. Nilitaka sana. Lakini ndiyo hii."

Kisha ukauliza kama kuna chakula, ukala wali sahani mbili, ukalala. Nilikaa nikikusikiliza ukipumua. Mtoto wangu alikuwa ameambiwa asilolitaka, akalikubali, na alikuwa amelala fofofo. Mimi nilikuwa sijalala hivyo tangu uko darasa la pili.

Nusu yangu inaanzia hapo. Wiki ile nilikuambia nakwenda kununua nyuzi, nikaenda Mbuya kumtafuta Ojara. Haikuwa kazi ngumu. Mtu ambaye sikutaka kumwona miaka yote alikuwa anakaa kule kule, amestaafu, anafuga kuku nyuma ya nyumba. Mkewe alinitambua kwanza, akasimama wima. Ojara akatoka, nywele zimekuwa nyeupe, mguu bado mzito. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi, yote yakapotea. Nikasema, "Ojara, nimekuja unieleze. Safari hii sitauliza kitu mpaka umalize."

Akamwambia mkewe alete kiti.

Akasimulia. Mlipuko ulimtupa mtaroni. Alipoinua kichwa, lori lilikuwa limesimama, mlango wa dereva umefunguka, na Otim yuko kwenye usukani. Moto ulikuwa bado. Akamwita. "Nilimuita mara nyingi, shemeji. Nilimuita jina, nilimuita 'dereva', nilimuita vile sisi tulikuwa tunamuita kwa kikosi. Hakutikisika. Kichwa ilikuwa imelala hivi." Akaonyesha kwa kichwa chake mwenyewe, juu ya bega. Akajaribu kutambaa, mguu ukakataa. Ndipo moto ukaja, baadaye, kutoka nyuma.

Nikangoja mpaka nikajua amemaliza. Nikauliza swali moja. "Moto ulipofika?"

"Alikuwa amekwenda zamani. Hakuungua akiwa hai, shemeji. Hiyo ndiyo kitu nilikuja kukuambia siku ile. Nilijua utakuwa unafikiria moto."

Salma, alikuwa ameileta. Pamoja na sukari na sabuni alikuwa ameniletea hiyo, akaifikisha mpaka ndani ya nyumba yangu, na nikamfukuza nayo kabla hajaitua. Usiku wote ule nilioupitisha nikimsikia Otim akiniita, jibu lilikuwa Mbuya, kwa mfuga kuku. Nilifikiri ninakataa habari mbaya. Sikujua ndani yake kulikuwa na rehema.

Nililia pale uani mbele ya kuku wake. Mkewe akanishika. Ojara akasema tu, "Pole, shemeji. Pole," kana kwamba yeye ndiye aliyenikosea. Nilipotaka kumwomba msamaha akainua mkono, akasema, "Ungekuwa wewe kwa mtaro na mimi nyumbani, ningekufukuza pia." Sijui kama ni kweli. Nimeipokea.

Yaliyobaki uliyaona: mimi nikikuambia ghafla tujiandae kwenda kaskazini, bibi yako akiniangukia shingoni bila neno la lawama, koti la baba yako likishushwa kaburini, padri akisali kwa dini yao na mjomba wako akiomba dua kwa dini yetu. Uliniuliza nani kanishawishi. Ulikuwa wewe, na profesa yule mwenye mvi, na chembe ambayo hakuna aliyepata kuiona.

Sikuandikii haya ili usitamani. Tamani, mwanangu, wewe ulitamani na bado ukanyoosha lile tabaka. Wala sisemi tumaini ni kosa. Kosa langu lilikuwa kwamba habari njema nilizifungulia mlango bila kuuliza jina, na mbaya nikazisimamisha getini mpaka zikachoka. Utakutana na hilo huko, si kwenye mitambo tu. Atakuja mtu atakayekupenda, na utataka awe vile unavyotaka. Itakuja siku utakuwa mpweke na utaniambia kwenye simu kwamba kila kitu ni kizuri. Nami nitapenda kusikia hivyo, na kwa sababu nitapenda, nitakuuliza tena. Usichoke nikikuuliza. Niulize na mimi.

Tuanze na hili moja. Leo asubuhi, ukifunga sanduku, uliniuliza kama nitaweza kukaa humu ndani peke yangu. Nikakujibu kwa haraka, "Nitaweza, kwani mimi mtoto?" ukaonekana umepumua. Jibu lile lilitupendeza sote wawili, na hakuna aliyelikagua. Nimelikagua sasa, tangu mlipotoka. Ukweli ni kwamba sijui kama nitaweza. Nyumba hii sijawahi kuisikia bila wewe.

Nenda hivyo hivyo, Salma. Nimekuambia, na bado nasema nenda.

Mama yako,
Hadija